Shangazi, nipeleke maombi ya udaktari wa meno Septemba hii au nisubiri mwakani?

Shikamoo Shangazi,

Niko Marekani, mwaka wa tatu chuoni, nasoma biolojia. Nataka kuwa daktari wa meno, na juu ya hilo moyo wangu umetulia. Kinachonikosesha usingizi ni lini nipeleke maombi.

Rafiki yangu niliyeanza naye chuo anaomba Juni hii. Mtihani wa DAT, ule wa kuingilia vyuo vya udaktari wa meno, ameshaufanya. Mimi bado, na sehemu ya pili ya kemia ya kaboni sijaisoma. Nilipanga niichukue muhula wa kiangazi, nifanye DAT mwishoni mwa Agosti, kisha maombi niyatume Septemba. Nikipata nafasi, nitahitimu Mei mwakani na Agosti niko darasani tena. Hesabu hiyo ndiyo aliyo nayo mama, na ameshawatangazia jamaa wote mpaka nyumbani. Baba mkubwa akipiga simu siku hizi ananiita "daktari".

GPA yangu, yaani wastani wa alama zangu kati ya 4.0, ni 3.1 kwa krediti 75. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafanya kazi usiku kwenye ghala la bidhaa ili tulipe kodi ya nyumba, na alama za kemia na hesabu ziliporomoka. Tangu nilipoiacha kazi ile zimekuwa zikipanda; muhula uliopita nilipata 3.7. Kuna daktari wa meno aliyenikubalia nikae kliniki kwake nimtazame akifanya kazi, nimefikisha kama saa 30. Wikendi nasuka nywele, wateja ninao wengi, na hela hiyo ndiyo inayoninunulia vitabu. Barua ya mapendekezo sina hata moja.

Fani hii niliipenda kwa kutafsiri. Tangu nikiwa na miaka 14, mzee yeyote wa jamii yetu akienda kwa daktari wa meno mimi ndiye ninayepelekwa nikamtafsirie. Nimeona watu wazima wanang'olewa meno ambayo yangezibwa tu kama wangefika mapema, lakini hawakujua wamwendee nani wala wamwambie nini.

Nikimgusia mama habari ya kusubiri mwaka mmoja, uso unambadilika. Binamu yangu aliahirisha chuo "mwaka mmoja tu" na mpaka leo hajarudi. Wenzangu nao wananiambia nijaribu mwaka huu, nikikosa nitaomba tena, kwani nitapoteza nini? Mimi ni kifungua mimba, nina wadogo watatu nyuma yangu. Nitume Septemba, au nisubiri?

Kifungua Mimba

---

Marahaba mwanangu.

Subiri. Omba Juni mwakani, katika siku za kwanza kabisa za kupokea maombi, na Septemba hii usitume kitu. Nasema hivi nikijua mama hatafurahi. Habari ya mama nitaifikia.

Kwanza tuitazame kalenda yenyewe, maana nimekaa na vijana wetu wengi wakijaza fomu hizi na wengi wao huitazama kuanzia upande usiofaa. Wanaangalia tarehe ya mwisho. Marekani kuna vyuo zaidi ya 70 vya udaktari wa meno, na karibu vyote hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AADSAS. Fomu hufunguliwa katikati ya Mei, na kuanzia mwanzoni mwa Juni unaruhusiwa kuituma. Baadhi ya vyuo huendelea kupokea hadi Februari. Kijana akiona Februari, anajiambia Septemba ni mapema sana. Sivyo. Ukishatuma, AADSAS wanakaa na nakala zako za matokeo, wanakagua kozi moja baada ya nyingine, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa kabla chuo hakijaliona jina lako. Vyuo vingi navyo havisubiri mafaili yote yafike ndipo vichague. Vinasoma kadiri yanavyoingia, vinaita watu kwenye usaili tangu mwisho wa kiangazi, na katikati ya Desemba vinaanza kutoa nafasi.

Sasa liweke faili lako humo. Ukituma Septemba, ukaguzi unaweza kukufikisha Oktoba au hata Novemba. Matokeo ya DAT ya mwishoni mwa Agosti nayo yanahitaji wiki chache kufika. Wakati huo siku nyingi za usaili zimeshajaa. Mwenye GPA ya 3.9 anaweza kuchelewa hivyo na bado akaitwa, kwa sababu faili lake linajisemea lenyewe. Lako linahitaji msomaji mwenye subira, asome mpaka mwisho aone ulivyopanda. Msomaji wa namna hiyo unampata Juni na Julai. Novemba, akiwa na rundo mbele yake na viti vichache vilivyobaki, ataishia kwenye ile 3.1.

Na hiyo 3.1 tuipigie hesabu. Una krediti 75. Tuseme muhula huu unachukua 15 na unapata 3.8. GPA itafika kama 3.2. Hiyo ndiyo watakayoiona ukituma mwaka huu. Ukimaliza mwaka wa nne kwa krediti nyingine 30 za 3.8, utafika karibu 3.36. Wanaoanza masomo ya meno nchini humo kwa kawaida wana wastani wa karibu 3.6, kwa hiyo sikudanganyi kwamba mwaka mmoja utafuta kila kitu. Lakini tazama sura ya faili. Mwaka wa kwanza mbovu ukifuatiwa na miaka mitatu inayopanda ni habari tofauti kabisa na mwaka mbovu ukifuatiwa na mwaka na nusu. Tena AADSAS wana kanuni inayowashtua wengi. Hata ukirudia kozi, alama ya zamani haifutwi, zote mbili zinaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo kurudia kemia ya mwaka wa kwanza hakutakuokoa sana. Kinachoinua wastani wako ni krediti mpya zenye alama nzuri, hasa za sayansi, maana GPA ya sayansi huhesabiwa peke yake na vyuo huiangalia. Krediti mpya zinahitaji muda, na muda ndio huo ninaokuambia uuchukue.

Kuhusu DAT, mpango wako wa kiangazi ndio ulionitia wasiwasi kuliko yote. Sehemu ya sayansi ina maswali 100 kwa dakika 90: 40 ya biolojia, 30 ya kemia ya jumla, 30 ya kemia ya kaboni. Kemia ya jumla uliisoma mwaka ule wa ghala, na haikukaa vizuri. Kemia ya kaboni unataka kuimaliza kwenye muhula wa kiangazi, ambako miezi minne ya kazi inabanwa ndani ya wiki chache, kisha uingie kwenye mtihani wino haujakauka. Bado kuna sehemu ya hesabu, sehemu ya kusoma na kuelewa, na ile ya macho yenye maswali 90 kwa saa moja: upange pembe kuanzia ndogo hadi kubwa, uhesabu vijisanduku, ukisie karatasi iliyokunjwa na kutobolewa itakuwaje ikikunjuliwa. Hiyo ya macho haisomwi kitabuni. Ni mazoezi ya kila siku, kidogo kidogo, kwa miezi. Huku wikendi unasuka. Utafanya saa ngapi?

Kwa hiyo kemia ya kaboni ichukue muhula wa kawaida wa vuli. Biokemia ifuate muhula wa machipuko, maana vyuo vingi vinaitaka hata kama DAT haina sehemu yake. Mazoezi ya macho anza Oktoba, nusu saa kwa siku inatosha. DAT ifanye kabla ya mwisho wa Machi. Nimeichagua Machi kwa sababu ukitaka kurudia lazima zipite siku 60, na siku 60 kutoka mwisho wa Machi zinaangukia mwisho wa Mei. Kwa hiyo hata ikitokea siku ya mtihani mambo hayakwenda, bado una nafasi ya pili na Juni haijakupita. Jambo dogo la kuangalia unaponunua au kuazima vitabu vya mazoezi: tangu Machi 2025 alama za DAT zimebadilika, sasa zinatolewa kati ya 200 na 600, zamani ilikuwa 1 hadi 30. Maswali ya vitabu vya zamani yanafaa, lakini majedwali yao ya alama yaache.

Wenzako wanauliza utapoteza nini ukijaribu. Hela, kwanza. DAT inazidi dola 500. Chuo cha kwanza kwenye AADSAS kinazidi dola 250 na kila unachoongeza kinazidi 100, na vingine vina ada yao ya ziada. Ukiomba vyuo kumi umeshatumia zaidi ya dola 1,600 kabla ya kununua nguo ya usaili. Hizo ni wikendi nyingi za kusimama nyuma ya kichwa cha mtu, mwanangu, usizitupe. Pili, fomu inauliza kama umewahi kuomba. Kuomba mara ya pili si aibu na watu wengi wameingia hivyo, lakini kila chuo kitataka kujua umebadilisha nini tangu mara ya kwanza. Nawe utajikuta Januari unasubiri barua pepe ya kukataliwa, huku Juni inakuja na hujaongeza chochote kwa sababu mwaka mzima akili ilikuwa kwenye majibu. Walimu uliowaomba barua itabidi uwaombe tena.

Habari ya ada ikupe na neno zuri: ADEA, chama kinachoendesha AADSAS, kina mpango wa kuwasaidia ada waombaji wenye kipato kidogo. Ila lazima uombe msaada huo kabla hujatuma fomu, na fedha zake zina kikomo, hivyo wanaofanya mambo Mei wanapata na wa Septemba wanakuta zimekwisha. DAT nayo ina punguzo kwa wachache wanaohitaji. Kusanya karatasi za kodi ya mapato za mama mapema.

Umesikia pia, bila shaka, kwamba mikopo ya serikali inabadilika na watu wanahimizana wakimbie. Kuanzia 1 Julai 2026 mwanafunzi mpya wa fani kama hii hapati tena ule mkopo wa ziada uliofunika gharama zote; atakopa mwisho dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Hilo ni zito, kwa sababu vyuo vingi vya meno gharama yake inapita hapo. Lakini halikuhusu kwenye swali la lini. Ukiomba Juni hii unaanza 2027, ukisubiri unaanza 2028. Vyote viko ng'ambo ya tarehe ile. Linakuhusu kwenye swali la wapi: chuo cha umma cha jimbo unalokaa kiwe cha kwanza kwenye orodha yako, maana wakazi wa jimbo hupendelewa na mara nyingi hulipa kidogo. Na kama jimbo lenyewe ni Texas, vyuo vyake vya umma vina mfumo wao, TMDSAS, ambao huanza kupokea Mei na kufunga vuli, hivyo kalenda yako isogeze nyuma wiki chache.

Sasa nikuambie kilichonifurahisha kwenye barua yako. Umekitaja haraka haraka kana kwamba hakina uzito. Unasuka. Vyuo vya meno vinatafuta mikono, na vinapata shida kuipima kwenye karatasi. Waombaji wengi huandika kwamba wanapiga kinanda au wanachora. Wewe umekaa saa tano, sita, unagawa nywele kwa mistari iliyonyooka, unavuta bila kumuumiza mtu, mteja anakusimulia maisha yake na vidole havisimami. Andika jambo hili kwenye sehemu ya kazi na uzoefu, na idadi ya saa uiweke. Kutafsiri nako ni uzoefu. Tangu miaka 14 umekuwa ndani ya vyumba vya madaktari, unajua hofu ya mzee asiyeelewa anachoambiwa. Insha yako ya maombi ina herufi 4,500 tu, nafasi zikiwemo. Zitumie kwa hilo. Yale uliyoniandikia kuhusu meno ambayo yangezibwa, hakuna mwombaji mwingine anayeweza kuyaandika kama wewe, na mimi niliyasoma mara mbili. Mwaka wa ghala uutaje kwa sentensi mbili au tatu, bila kulalamika, kisha uende mbele. Alama za baadaye zitamalizia.

Saa za kumtazama daktari, 30 ni mwanzo mzuri. Wengi hulenga 100, na ni vizuri zisiwe za daktari mmoja tu. Huyo aliyekukubalia mwombe akutambulishe kwa mwenzake anayepanga meno au anayefanya upasuaji wa kinywa, na kama kuna kliniki ya jamii inayohudumia wasio na bima, nenda huko. Kule utahitajika kwa lugha zako.

Barua. AADSAS inapokea hadi nne. Mbili za walimu wa sayansi na moja ya daktari wa meno ndizo vyuo vingi vinazotarajia. Barua nzuri haitoki kwa mwalimu anayekujua kwa namba ya usajili, kwa hiyo hapa mwaka wa ziada unakulipa moja kwa moja: kuanzia vuli, nenda ofisini kwa mwalimu wa kemia ya kaboni, uliza maswali ya kweli, ajue jina lako.

Tumfikie mama. Usimwambie "nimeahirisha". Neno hilo kwake lina sura ya binamu yako, na hofu yake si ya kijinga. Ameona mwaka mmoja ukimeza maisha ya mtu. Mkalishe, na umpelekee mwaka huo ukiwa umejaa: kemia vuli, DAT Machi, mahafali Mei kama kawaida, maombi wiki ya kwanza ya Juni, halafu kazi. Kazi yenye jina. Kliniki nyingi huajiri wasaidizi wa daktari wa meno, masharti yanatofautiana kwa jimbo, na baadhi hukufundisha wenyewe. Utakuwa unalipwa, unasaidia kodi bila kukesha ghalani, na ukiitwa kwenye usaili utakuwa unazungumzia kazi unayoifanya asubuhi ile. Mwambie pia kwamba wengi wanaoingia vyuo hivyo wamekaa mwaka mmoja au zaidi nje, na hakuna anayewahesabu kuwa wamechelewa. Akibaki na kinyongo, mpigie baba mkubwa kabla yeye hajampigia, umweleze wewe mwenyewe. Mtu mzima akielezwa kwanza huwa upande wako.

Na kama mama atakuuliza kama kuna njia yoyote ya kuomba mwaka huu, jibu la haki ni hili: ingekuwapo kama kemia ya kaboni ungekuwa umeimaliza na DAT ungekuwa unaifanya Mei. Rafiki yako yuko hapo. Mwache aende, umsaidie kusoma insha yake, utajifunza fomu nzima bila kulipa senti.

Kuna jambo la kufanya mwezi huu, usilingoje. Nenda kwa mshauri wa fani za afya hapo chuoni umuulize kama chuo chenu hutoa barua ya kamati, yaani barua moja ya mapendekezo inayoandikwa kwa niaba ya chuo chenyewe. Vyuo vinavyotoa barua hiyo vina ratiba yao ya ndani, kuna fomu na mahojiano, na mara nyingi hufunga kati ya Januari na Machi, miezi kadhaa kabla AADSAS haijafunguliwa. Waulize tarehe za mwakani, uziandike leo, na umwombe akupe orodha ya kozi ambazo vyuo vya jimbo lako vinazidai ili ratiba ya vuli uipange ukiwa nayo mkononi.

Shangazi